Herufi isiyo na asili? Uhakiki wa madai ya chapa zisizo na serifu

0. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa watu. Makala haya yanaielekeza kwa herufi. Katika karne ya 20 ilienea Ulaya, na baadaye duniani kote, aina ya chapa iliyosifiwa kwa kuwa eti haina asili: si ya taifa lolote, si ya enzi yoyote, haina pambo, haina sauti yake yenyewe. Ndiyo chapa isiyo na serifu. Leo imejaa katika mabango ya barabarani, katika vioo vya simu na kompyuta, katika fomu za serikali na katika vitabu vya watoto wanaoanza kusoma. Kwa kuwa imeenea hivyo, inafaa madai yake yapimwe kama yanavyopimwa madai ya kazi nyingine yoyote ya sanaa.

Kwanza istilahi. Katika kitabu cha kawaida, nguzo ya herufi kubwa I huishia juu na chini kwa vistari vidogo vya kulala. Vistari hivyo ndivyo serifu. Wafaransa huviita empattements. Herufi isiyo na serifu ni ile ambayo nguzo zake hukatika tu, bila kofia wala kiatu. Hapa neno «chapa» litatumika kwa maana ya familia nzima ya herufi zilizochorwa kwa mtindo mmoja ili zipigwe chapani.

Hoja ya makala haya ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa historia: hakuna hata chapa moja kati ya zile kubwa zisizo na serifu iliyozaliwa bila wazazi. Kila moja ilichochewa na kitu kilichotangulia, kiwe jiwe, kalamu, bikari au chapa ya jirani. Upande wa pili ni wa lugha: chapa inayodai kufaa lugha zote sharti ipimwe katika lugha zote, na Kiswahili kina maneno yanayoweza kuifichua mara moja.

1. Majina na madai yaliyomo

Mwanaisimu huanza na majina, na katika jambo hili majina yenyewe ni ushahidi. Chapa ya kwanza ya Kilatini isiyo na serifu inayojulikana kusubiwa kwa ajili ya biashara ilionyeshwa London mwaka 1816 na msubu wa herufi William Caslon wa nne. Ilikuwa na herufi kubwa peke yake. Caslon hakuiita «isiyo na serifu». Aliiita Egyptian, yaani ya Misri. Hakuna aliyekwenda Misri kuitafuta. Lakini tangu jeshi la Bonaparte liliposhuka huko mwaka 1798, Ulaya ilikuwa imeshikwa na shauku ya mambo ya Misri, na kila kitu kizito, cha kale na kisicho na urembo kiliweza kupewa jina hilo. Hivyo Afrika iliingia katika historia ya chapa hii kama jina tu: ilitajwa, haikuulizwa.

Waingereza wengine hawakukubali jina hilo. Katika miaka ya 1830 wasubu Vincent Figgins na William Thorowgood walileta majina mengine mawili: la kwanza ndilo sans-serif, la pili Grotesque. Jina hili la pili lina safari ndefu. Linatokana na neno la Kiitalia grotta, maana yake pango, kwa sababu michoro ya ajabu iliyofukuliwa katika vyumba vya Roma ya kale vilivyozikwa ardhini ilidhaniwa kuwa ya mapangoni. Baadaye neno likageuka kuwa na maana ya kitu kisicho cha kawaida, hata cha kuchekesha. Wajerumani walilichukua wakaliandika Grotesk, na hadi leo ndilo wanalolitumia. Wamarekani walisema Gothic, kana kwamba herufi hizi ni za Wagoti. Wafaransa waliziita antiques, yaani za kale. Francis Thibaudeau alilithibitisha jina hilo katika uainishaji wake wa mwaka 1921. Maximilien Vox alipoandika uainishaji mpya mwaka 1954, aliliacha na kuweka linéales, neno linalotaja mstari na kunyamaza juu ya chanzo.

Tukiyapanga majina haya tunapata jambo la kustaajabisha. Misri, pango, Wagoti, kale: majina yote ya awali yanataja asili, na kila moja inataja asili tofauti. Jina la Vox peke yake linakataa kutaja asili yoyote, nalo lilikuja nyuma kabisa. Kwa hiyo wazo la herufi isiyo na asili halikuzaliwa pamoja na herufi hizo. Ni wazo lililoongezwa baadaye, wakati watu walipokuwa wamechoka na asili zote.

Je, asili ya kweli ni ipi? Mtaalamu wa historia ya chapa James Mosley, katika utafiti aliouchapisha kwanza mwaka 1965 na kuutoa tena kama kitabu mwaka 1999, alionyesha kwamba herufi zisizo na serifu zilitangulia chapa ya Caslon kwa muda mrefu. Msanifu majengo John Soane alizitumia katika michoro yake tangu miaka ya 1780, na katika bustani ya Stourhead, kusini mwa Uingereza, zilichongwa katika pango la kutengenezwa mnamo mwaka 1748. Kilichowachochea watu hao ni maandishi ya mawe ya Wagiriki na ya Warumi wa jamhuri ya zamani, ambayo nguzo zake hazikuwa na serifu. Chapa ambayo ingekuja kuitwa ya kisasa kuliko zote ilianza kama heshima kwa makaburi na mahekalu.

2. Kalamu na jiwe: Johnston na Gill

Mwaka 1913 Frank Pick, aliyekuwa mkuu katika kampuni ya reli za chini ya ardhi za London, alimwendea mwalimu wa hati Edward Johnston. Alitaka herufi ambazo abiria angezitambua papo hapo, zisichanganyike na matangazo ya wafanyabiashara yaliyofunika kuta za stesheni. Johnston alikabidhi kazi yake mwaka 1916.

Kinachovutia ni kwamba Johnston hakuwa mtu wa mashine. Alikuwa mwalimu wa kalamu pana, na kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu uandishi na upambaji wa hati kililea kizazi kizima cha waandishi wa hati. Alipoombwa kutengeneza herufi bila serifu alikwenda mahali alikopajua: kwenye herufi kubwa za Kirumi, kama zile zilizochongwa chini ya mnara wa Trajan huko Roma mwaka 113. Alichukua vipimo vyake, O iliyo duara kamili na E iliyo nyembamba, akaziondolea serifu, akazifanya mistari yake iwe na unene mmoja. Kalamu nayo haikumtoka mkononi. Nukta ya i na j katika chapa yake ni mraba uliosimama kwa pembe, umbo lile lile liachwalo na ncha ya kalamu pana inapogusa karatasi. Na herufi ndogo l ameipa mkunjo chini, kama mtu anayeandika kwa mkono anavyoifunga kabla ya kuendelea na herufi ifuatayo.

Mkunjo huo ni kitu kidogo, lakini hoja ya makala haya imesimama juu yake. Johnston aliuweka kwa sababu aliyajua maandishi ya mkono, na aliyajua kwa sababu hakuona haya ya asili. Kilichotoka katika mapokeo ndicho kilichoifanya herufi isomeke.

Mwanafunzi wake, mchongaji Eric Gill, alimsaidia mwanzoni mwa kazi hiyo. Mwaka 1926 Gill alipaka ubao wa duka la vitabu mjini Bristol. Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, akaona humo chapa nzima. Gill Sans ilitolewa mwaka 1928. Mwaka uliofuata kampuni moja kubwa ya reli ya Uingereza ikaichukua, na kuanzia 1935 ikasimama juu ya majalada ya vitabu vya Penguin. Ni chapa yenye uhai: a yake na g yake ni za vitabu vya kale, na R yake hunyosha mguu kama mchezaji ngoma. Hata hivyo, Gill aliuondoa ule mkunjo wa mwalimu wake. Katika Gill Sans ya kawaida, herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1 ni nguzo tatu ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Mwanafunzi alisafisha kazi ya mwalimu hadi akakosea. Aliona mkunjo kama pambo, kumbe ulikuwa maana.

3. Bikari: Futura na kisa cha Tschichold

Huko Ujerumani madai yalikuwa makali zaidi. Paul Renner alitoa Futura mwaka 1927 katika kiwanda cha kusubu herufi cha Bauer, Frankfurt, na kiwanda kiliitangaza kuwa chapa ya wakati wetu. Ilionekana kama imechorwa kwa bikari, rula na pembe tatu. Katika majaribio ya awali Renner alithubutu zaidi: r yake ilikuwa nguzo na nukta kando yake. Maumbo kama hayo yaliwekwa pembeni kabla chapa haijaenea.

Msomaji akiitazama Futura kwa makini ataona kwamba bikari haikufanya kazi peke yake. Herufi zake kubwa zina vipimo vya Kirumi vile vile alivyovifuata Johnston: E, F na L nyembamba, O pana. Mistari yake hupungua kidogo mahali inapokutana, kwa sababu jicho la mtu huona giza pale ambapo rula haioni kitu. Kwa hiyo Futura ni bora kuliko tangazo lake. Tangazo lilisema: jiometri. Kazi yenyewe inasema: jiwe la Roma lililorekebishwa na jicho la fundi.

Lakini kuna mahali ambapo Renner aliitii bikari kupita kiasi. Herufi ndogo a ya Futura ni duara lenye kijiti upande wa kulia. O ni duara lile lile bila kijiti. Kwa Mjerumani huenda hilo ni dogo. Katika Kiswahili, ambapo karibu kila silabi huishia kwa irabu, tofauti ya a na o hubeba sarufi: soma na somo, pata na pato, pigana na pigano. Kitenzi hugeuka jina kwa irabu moja ya mwisho. Chapa inayoning'iniza tofauti hiyo kwenye kijiti chembamba inamwachia msomaji kazi ambayo ingepaswa kufanywa na mchoraji.

Anayefunza zaidi kuhusu madai ya enzi hiyo ni Jan Tschichold. Kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu tipografia mpya kilitangaza kwamba chapa isiyo na serifu ndiyo peke yake inayofaa zama zake. Miaka mitano baadaye Wanazi walichukua madaraka. Renner, aliyekuwa amechapisha kijitabu cha kupinga siasa yao ya utamaduni, alikamatwa na kupoteza ukuu wa shule yake mjini Munich; Tschichold alikamatwa pia, kisha akakimbilia Uswisi. Huko alibadilika. Mwaka 1946, katika mabishano na msanii Max Bill, alieleza kwamba ule ukali wa kutaka herufi moja, sheria moja na njia moja ulikuwa na undugu na ukali wa watawala waliomfukuza. Kuanzia 1947 hadi 1949 alisimamia sura ya vitabu vya Penguin, akitumia chapa za kale zenye serifu.

Wapo waliomwita msaliti. Hukumu hiyo si ya haki. Tschichold hakusema kwamba herufi isiyo na serifu ni mbaya. Alisema kwamba hakuna herufi inayostahili kutawala peke yake. Tena, mtu asidhani kuwa ubaya ulikuwa upande wa herufi za kale tu. Wanazi walizipenda mwanzoni herufi za Kijerumani zilizovunjika-vunjika, kisha mwezi Januari 1941 wakazipiga marufuku kwa amri moja, wakizisingizia kuwa ni za Kiyahudi. Herufi haichagui chama. Wenye nguvu ndio huipa kadi.

4. Uswisi: herufi iliyotaka kunyamaza

Baada ya vita vya pili vya dunia, Uswisi ilitoa chapa mbili mwaka mmoja, 1957. Ya kwanza ilichorwa na Max Miedinger akiongozwa na Eduard Hoffmann, mkuu wa kiwanda cha Haas huko Münchenstein karibu na Basel. Iliitwa Neue Haas Grotesk. Ya pili, Univers, ilichorwa na Mswisi Adrian Frutiger kwa ajili ya kiwanda cha Deberny & Peignot cha Paris.

Hoffmann hakuficha chanzo chake. Alitaka kushindana na Akzidenz-Grotesk, chapa ambayo kiwanda cha Berthold cha Berlin kilianza kuiuza mwaka 1898 kwa ajili ya kazi ndogondogo: risiti, tiketi, matangazo. Hii ndiyo asili ya chapa iliyokuja kuitwa ya upole na usawa kuliko zote: karatasi za biashara za karne ya 19, zilizochorwa na mafundi ambao wengi hawakuacha majina. Miedinger na Hoffmann walizipiga pasi karatasi hizo. Waliikata miisho ya c, e na s sawa na mstari wa kulala, wakasawazisha upana, wakaziba nafasi.

Mwaka 1960 chapa hiyo ilibadilishwa jina ili iuzwe nje ya nchi, ikawa Helvetica, kutokana na jina la Kilatini la Uswisi. Hapo pana kinaya ambacho watetezi wake hawakipendi: herufi iliyosifiwa kuwa haina taifa ilibatizwa kwa jina la taifa. Hilo si kosa la jina. Usafi ule, mpangilio ule, kimya kile ni tabia ya mahali na wakati, kama vile lafudhi ilivyo tabia ya msemaji. Anayedhani hana lafudhi ni yule tu ambaye lafudhi yake imekuwa kipimo cha wengine. Wasemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, ambao kwa miaka mingi wameambiwa kwamba wao ndio wenye lafudhi, wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa.

Frutiger alikuwa mwaminifu zaidi katika suala la asili. Alipomaliza masomo Zurich alichonga katika mbao historia ya herufi za Kilatini, tangu maandishi ya mawe ya Wagiriki, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya Charles Peignot amwite Paris mwaka 1952. Univers ilitolewa ikiwa familia ya sura 21, kila moja ikiwa na namba badala ya jina, 55 ikiwa sura ya kawaida. Namba hizo zilifanana na sayansi, lakini mkono uliozichora ulikuwa umepita katika mbao na jiwe. Baadaye, kwa ajili ya uwanja wa ndege wa Roissy uliofunguliwa mwaka 1974, Frutiger alichora herufi zenye midomo wazi, ambazo c na e zake hazifungiki kwa mbali. Zilitolewa kwa wapiga chapa mwaka 1976 kwa jina lake mwenyewe. Humo mtu anaona fundi aliyekubali kwamba kunyamaza hakutoshi: herufi lazima iseme, tena iseme kwa abiria anayekimbia.

5. Sakafu ya Santa Croce

Mfano wa mwisho ni wa pekee. Mwaka 1950 Mjerumani Hermann Zapf alitembelea kanisa la Santa Croce mjini Florence. Sakafuni mwa kanisa hilo mna mawe ya makaburi, na katika baadhi ya mawe hayo aliona herufi zisizo na serifu ambazo nguzo zake zilinenepa kidogo kuelekea miisho. Karatasi zilikuwa zimemwishia; akazichora juu ya noti ya lire 1000. Kutokana na mchoro huo ilitoka Optima, iliyouzwa na kiwanda cha Stempel kuanzia 1958.

Waainishaji walitatizika. Optima haina serifu, lakini mistari yake si ya unene mmoja. Haina pambo, lakini si kavu. Tatizo hilo ni la waainishaji, si la Optima. Zapf alionyesha kwamba kuondoa serifu si lazima kuondoe mkono wa mchongaji. Na asili haikupotea njiani: ukumbusho wa vita vya Vietnam uliofunguliwa Washington mwaka 1982, wenye majina zaidi ya 58,000 ya Wamarekani waliokufa, umechongwa kwa Optima. Herufi iliyotoka kaburini ilirudi kuwatumikia wafu. Asiyeijua historia hiyo haoni kitu. Lakini hata asiyeijua huhisi kwamba mkono uliochonga majina yale haukuwa na haraka.

6. Kipimo cha Kiswahili

Hadi hapa tumezipima chapa hizi nyumbani kwao. Sasa zije ugenini. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Hivyo Kilatini kwetu ni mgeni, na mgeni huonyeshwa desturi za nyumba.

Desturi ya kwanza ni ya kitenzi. Ngeli ya umoja wa N na ile ya wingi wa mi- huchukua kiambishi i-, na wakati uliopita huchukua li-. Kwa kuwa Kiswahili huweza kuanza sentensi kwa kitenzi bila kutaja nomino, sentensi nyingi huanza kwa Ili-: Ilikuwa, Ilipofika, Ilinunuliwa. Kiunganishi cha kusudi nacho ni Ili. Tukizungumza juu ya mihogo twaweza kuanza hivi: Ililimwa mwaka jana. Neno hilo likiandikwa kwa Gill Sans au kwa Helvetica, macho hukutana na safu ya vijiti kabla ya kufikia m. Kifaransa kina tatizo la aina hiyo hiyo katika Il na Ils, lakini hilo ni la maneno machache. Katika Kiswahili ni tatizo la mfumo, kwa sababu linatoka katika upatanisho wa kisarufi wenyewe.

Mtetezi atajibu kwamba msomaji mzoefu hasomi herufi moja moja, na muktadha humsaidia. Ni kweli, na jibu hilo halifai kupuuzwa. Lakini lina mipaka miwili. Mosi, mtoto wa darasa la kwanza si msomaji mzoefu; yeye husoma herufi moja moja, na kitabu chake ndicho leo kinachopigwa kwa chapa hizi mara nyingi. Pili, majina ya watu hayana muktadha. Katika Katanga na Kasai jina la Ilunga limeenea tangu enzi za ufalme wa Waluba, ambao masimulizi yake yanamtaja Kalala Ilunga. Katika orodha iliyopigwa kwa chapa ya aina hii, anayenakili kwa mashine hana njia ya kujua kama jina linaanza kwa I au kwa l. Mji wa Ilebo nao una shida hiyo hiyo.

Desturi ya pili ni ya ng'. Tofauti ya ngoa, yaani wivu au tamaa, na ng'oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, imeshikwa na kidole kimoja juu ya mstari. Lugha nyingine huandika sauti hiyo kwa ŋ, na Kilingala cha vitabu vya isimu huhitaji ɛ na ɔ. Chapa isiyo na herufi hizo haiwezi kujiita ya ulimwengu, hata ikiwa jina lake ni Univers.

Haifai kusema kwamba wachoraji hawakujifunza. Mwaka 1996 Matthew Carter aliichorea kampuni ya Microsoft chapa ya Verdana kwa ajili ya vioo vya kompyuta; haina serifu, ila I kubwa amemrudishia kofia na kiatu chake ili isifanane na l. Mwaka 2019 taasisi ya Marekani inayowahudumia wasioona vizuri, Braille Institute, ilitoa Atkinson Hyperlegible, iliyojengwa juu ya kanuni kwamba kila herufi itofautiane na jirani yake. Na shirika la SIL limetoa chapa isiyo na serifu kwa ajili ya wanaoanza kusoma, yenye ŋ, ɛ, ɔ na wenzake, ikapewa jina la Kiswahili: Andika. Karne mbili baada ya Caslon kuazima jina la Misri bila kuuliza, Afrika imetajwa tena katika historia ya chapa hizi. Safari hii imetajwa pamoja na mahitaji yake.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu hauishii katika kuzikataa chapa zisizo na serifu. Unaishia katika kuyakataa madai yaliyofanywa kwa niaba yake. Johnston alifuata kalamu na jiwe, Renner alifuata Roma huku akitangaza jiometri, Hoffmann alifuata tiketi na risiti za Berlin, Zapf alifuata sakafu ya kanisa. Kazi zao zilizo bora ni zile ambazo zilikubali deni hilo. Na mahali zilipokosea, mara nyingi zilikosea kwa kutupa kitu kilichoonekana pambo kumbe kilibeba maana.

Kwa anayechagua chapa ya kitabu cha darasa la kwanza, ya kamusi au ya daftari la majina, yatokayo hapa ni maagizo mepesi. Asiulize kwanza kama chapa ni ya kisasa. Aandike kwa chapa hiyo maneno manne: Ililimwa, somo, ng'oa, Ilunga. Kisha amwite mtoto anayeanza kusoma, ampe karatasi, na asikilize. Mtoto akisita katika neno la mwisho, chapa hiyo imemnyima mtu jina lake, na sifa zote za Basel na Frankfurt hazitamrudishia.